Siku Tatu za Pipa

Mazungumzo ya leo yanahusu bia ya Waingereza, ile ya asili yao, inayoitwa eli. Wewe usiyekunywa, tafadhali usizime redio. Humu mna habari za fedha, za kodi ya pango, na za nani hasa anayeamua mtu anywe nini akiingia baa, na mambo hayo hayamhusu mlevi peke yake.

Mwishoni mwa mwaka 2024, kampuni ya Carlsberg nchini Uingereza ilitangaza kwa mkupuo mmoja kwamba inaacha kupika bia kadhaa za mapipa. Mojawapo ilikuwa Banks's Mild, bia ya rangi ya kahawia, nyepesi, isiyo na uchungu mwingi, ya mji wa Wolverhampton. Majira hayohayo ikatangazwa kwamba hata kiwanda chenyewe cha Banks's, kilichoanza kazi hapo mwaka 1875, kitafungwa. Wolverhampton na vimji vinavyouzunguka vilikuwa vya makaa ya mawe na chuma. Huku wanafua minyororo, kule wanatengeneza makufuli. Mtu aliyeshinda mbele ya tanuru tangu asubuhi alihitaji kinywaji kingi cha kurudisha jasho alilopoteza, kisichomwangusha kabla hajafika kwake. Kinywaji hicho kilikuwa maildi, yaani bia ya aina ya hiyo Banks's Mild. Mpaka katikati ya karne ya 20 ndiyo bia iliyouzwa kuliko zote katika baa za Uingereza. Leo kijana wa Wolverhampton anaweza kufikisha miaka thelathini asiionje hata mara moja.

Leo, katika kila painti kumi za bia zinazouzwa baa nchini humo, ya eli ya pipa haifiki hata moja. Na huko kwao mshitakiwa ameshapatikana: kijana. Wanasema kijana ana ulimi wa sukari, anakunywa kwa macho, anafuata tangazo, na siku hizi wengine hawanywi kabisa. Mimi maelezo hayo nayaamini nusu. Nusu iliyobaki imo ndani ya pipa lenyewe, na ndiyo nataka tuikague.

Bia ya Kizungu kwa kawaida hutokana na shayiri iliyoloweshwa ikaota, ikakaushwa ikawa kimea, ikapikwa na maji, ikatiwa maua ya hopsi kwa ajili ya uchungu na harufu, kisha ikatiwa hamira ichachuke. Laga, yaani hizi bia zetu za kila siku, huchachuka polepole kwenye baridi. Eli huchachuka upesi, kwenye joto la kawaida, na hamira yake hupanda juu ikafanya povu zito. Hadi hapo tofauti si kubwa. Tofauti inaanza inapotoka kiwandani. Bia nyingi za duniani huchujwa, hupashwa moto ili hamira ife, kisha hutiwa gesi. Ukiifunga vizuri, inakaa miezi. Eli ya pipa haifanyiwi lolote katika hayo. Inapelekwa baa hamira ikiwa hai, na inaendelea kuchachuka humohumo ndani ya pipa, katika stoo ya chini ya ardhi. Mwenye baa hulilaza pipa, hulipigia kigingi cha mbao laini ili gesi iliyozidi itoke, kisha husubiri machicha yatulie. Kwa desturi huwekwa gundi ya kibofu cha samaki ili kuyavuta machicha chini, jambo ambalo mnywaji asiyekula nyama huwa halijui mpaka aambiwe. Halafu bia huvutwa juu kwa pampu ya mkono, bila msaada wa gesi.

Kila painti inapotoka, hewa inaingia. Tangu painti ya kwanza, pipa lina kama siku tatu. Baada ya hapo ladha inalala, na baada ya hapo inakuja siki. Mtu wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa zaidi: mbege ya leo ina wenyewe, ya kesho kutwa haina mnunuzi.

Sasa chukua kalamu. Pipa la kawaida la eli lina galoni 9, yaani painti 72, kama lita 41. Painti 72 kwa siku tatu ni painti 24 kwa siku. Baa yenye pampu nne inatakiwa iuze painti 96 za eli kila siku, Jumatatu yenye mvua ikiwemo, mbali na laga, mvinyo na soda. Zamani hesabu hiyo ilijileta yenyewe. Kiwanda kinafungua geti jioni, watu mia mbili wanavuka barabara, pipa linaisha kabla ya saa tatu usiku. Migodi ilipofungwa, mingi yao baada ya mgomo mkubwa wa 1984 na 1985, na viwanda vya chuma navyo vikafungwa, watu mia mbili wale hawakuvuka tena barabara. Pipa likaanza kukaa siku nne, halafu siku sita. Mteja anayeingia Jumatano anapewa bia iliyofunguliwa Ijumaa. Anakunja uso, na safari ijayo anaagiza laga, ambayo haijawahi kumwangusha. Kwa hiyo pipa linalofuata linakaa siku saba.

Huu ndio ugonjwa wenyewe. Eli ni bia ya umati. Umati ukipungua kidogo tu, ubora unapungua kwanza, na ubora ukipungua, umati uliobaki unatawanyika. Laga haina shida hiyo. Baa ikiuza painti tatu kwa siku, ya tatu itakuwa sawasawa na ya kwanza.

Haya ya bia moja kuiua nyingine si mageni Uingereza. Karne ya 18 London ilikuwa ya porta, bia nyeusi iliyopewa jina la wapagazi waliokuwa wakiinywa mitaani. Ilipikwa kwa wingi wa kutisha. Mwaka 1814, karibu na Tottenham Court Road, chombo kikubwa cha kuhifadhia porta kilipasuka, mafuriko ya bia yakabomoa nyumba za maskini waliokuwa jirani, na watu wanane wakafa. Porta ikashuka, maildi ikapanda. Mji wa Burton upon Trent nao ukatajirika kwa eli ya rangi ya dhahabu, kwa sababu maji ya visima vyake yana jasi nyingi na jasi huutoa uchungu wa hopsi ukiwa safi. Bia za Burton zilisafirishwa hadi India. Pembetatu nyekundu ya Bass ndiyo nembo ya kwanza ya biashara kusajiliwa Uingereza, mwaka 1876, na mchoraji Mfaransa Manet akaichora chupa yake juu ya kaunta katika mchoro wake maarufu wa 1882 wa mhudumu wa baa mjini Paris. Ukienda Burton leo, bia kubwa inayotoka kwenye matangi ya mji huo ni Carling, na Carling ni laga yenye asili ya Kanada.

Hapa niingize neno la kwetu. Waliotutawala walikuwa wanywaji wa eli na stauti, ile bia nyeusi, kwao, lakini urithi uliokaa Afrika Mashariki ni laga. Ndugu wa Hurst walioanzisha kiwanda Ruaraka, Nairobi, mwaka 1922 walikuwa Waingereza. Mmoja wao, George, aliuawa na ndovu mwaka uliofuata, na Tusker ikapata jina na picha yake. Tusker ni laga. Safari, Kilimanjaro na Serengeti ni laga. Bia inayoharibika siku ya tatu katika stoo yenye baridi ya Yorkshire isingefika Tabora kwa treni. Iliyovumilia safari kutoka Visiwa vya Uingereza hadi kwetu ni Guinness, nayo ilikuja kwenye chupa. Ndiyo maana Mwafrika Mashariki akifika London akapewa eli hudhani ametaniwa. Kwetu mhudumu huuliza, ya baridi au ya moto? Eli si ya huku wala ya kule. Inatakiwa iwe kati ya nyuzi 11 na 13, ubaridi wa stoo ya chini, ili harufu ya hopsi na kimea isikike. Ikiwa ya moto kweli, mwenye baa amezembea.

Tukirudi kwao: laga ilikuwa ikichukua kama asilimia moja tu ya soko la Uingereza mwaka 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imevuka nusu. Friji ziliingia majumbani, Waingereza wakaanza kwenda likizo Hispania wakarudi wamezoea bia baridi, kiangazi cha 1976 kikachoma nchi nzima, na matangazo ya televisheni yakafanya yaliyobaki. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililofanyika kimyakimya. Kampuni sita kubwa, zikiwemo Bass, Whitbread na Watney, zilikuwa zimenunua viwanda vidogo na kuvifunga, na zilimiliki maelfu ya baa. Kwa kampuni ya namna hiyo, bia hai ni usumbufu. Inataka mtu mwenye ujuzi katika kila stoo. Kegi haitaki. Wasikilizaji wa Kenya wanaijua kegi vizuri: bia imechujwa, imefungwa kwenye mtungi wa chuma, gesi inaisukuma, na yeyote anaweza kuimimina. Watney wakaisambaza bia yao ya kegi, Red Barrel, na kwa kuwa baa zilikuwa zao, mnywaji hakuulizwa.

Wanaume wanne kutoka kaskazini-magharibi mwa England walichukia hali hiyo wakiwa likizoni Ireland mwaka 1971, wakaanzisha chama. Kinaitwa CAMRA, na leo kina wanachama zaidi ya 100,000. Si rahisi kupata chama kingine cha walaji Ulaya kilichowashinda wenye viwanda namna ile. Kilichapisha mwongozo wa baa nzuri, kikaandaa matamasha, kikapiga kelele bungeni. Red Barrel ikawa kichekesho. Mwaka 2002 serikali ikawapunguzia kodi wapika bia wadogo, na viwanda vidogo vikachipuka kila kona. Miaka ya 1970 nchi ilikuwa na viwanda mia moja na kitu, mwishoni mwa miaka ya 2010 vilikuwa vimekaribia elfu mbili.

Viwanda vikaongezeka, na eli ikazidi kupungua. Hapo lazima mtu ajiulize.

Jibu langu ni kwamba CAMRA walipigania kilichomo ndani ya painti, mwenye kaunta akawaponyoka. Mwaka 1989 serikali ilitoa amri ya kuwapunguzia wapika bia wakubwa umiliki wa baa: mwenye baa zaidi ya 2,000 aziachie huru sehemu ya zilizozidi. Nia ilikuwa njema. Wakubwa wakaziuza baa zao, na waliozinunua wakawa makampuni yasiyopika bia, yanayokusanya kodi ya pango tu. Miaka ya 2000 mawili kati yao, Punch na Enterprise, yalikuwa na baa zaidi ya 7,000 kila moja, nyingi zimenunuliwa kwa mikopo. Mpangaji wa baa hizo hakuruhusiwa kununua bia atakako. Alinunua kwa mwenye nyumba wake, kwa bei ya mwenye nyumba, ambayo huwa juu ya ile ya sokoni. Kijana mpika bia aliyeko maili mbili kutoka hapo, mwenye eli safi na ya bei nafuu, hakuwa na mlango wa kuingilia. Sheria ya 2016 imewafungulia wapangaji wa makampuni makubwa ya England na Wales njia ya kuomba kulipa kodi ya pango tu bila kufungwa kwenye bia. Ilikuja wakati wengi walikuwa wameshafunga virago.

Baa nazo zilikuwa zikifungwa. Mwaka 2000 nchi ilikuwa na zaidi ya 60,000, sasa ni kama 45,000. Marufuku ya sigara ya 2007 huko England ililaumiwa, na ilichangia. Bia ya bei chee ya dukani imechangia zaidi, kwa maoni yangu. Mtu anabeba katoni, anakaa nyumbani na televisheni. Laga huingia katika katoni bila matatizo. Eli ya pipa haina njia rahisi ya kwenda nyumbani, maana ikitiwa kwenye chupa na kuchujwa si ileile tena. Kila baa iliyofungwa ni stoo moja pungufu, na eli haina pengine pa kuishi. Halafu ikaja korona. Baa ziliamriwa kufungwa Machi 20, 2020, na mapipa yaliyokuwa yamefunguliwa yakamwagwa kwenye mitaro nchi nzima. Wengine walipofungua tena walirudisha pampu mbili badala ya nne, na sikuona kosa katika hilo.

Wapenzi wa eli nao wana lao, na hapa najua nitawaudhi. Kwa miaka mingi walishikilia kwamba eli ni bia ya mtu wa kawaida, kwa hiyo lazima iwe rahisi. Matokeo yake, katika baa ileile, painti inayohitaji stoo maalumu, mikono yenye ujuzi na mauzo ya haraka huuzwa kwa bei ya chini kuliko laga iliyotoka kwenye tangi kubwa kama ghorofa. Mpika bia mdogo anabaki na senti. Mwenye baa akipiga hesabu anaona kazi nyingi na faida kiduchu. Ongeza na picha waliyojijengea, ya wazee wenye ndevu na viatu vya kandambili wakibishana habari za hopsi, na vibandiko vya pampu vyenye vichekesho vya matusi kwa wanawake. Tamasha lao kubwa lilipiga marufuku bia za vibandiko hivyo mwaka 2019. Nusu ya wateja wa nchi walikuwa wametukanwa hadi mwaka huo, halafu watu wanashangaa kwa nini hawakuja.

Sasa turudi kwa kijana, mshitakiwa wetu. Mwaka 2020 kampuni ya Molson Coors ilitoa bia yenye jina la Kihispania na picha ya bwana wa Kihispania, Madrí. Inapikwa Tadcaster, Yorkshire, mji wa kale wa eli. Ikawa miongoni mwa bia zinazouzwa sana nchini. Aha, wakasema, kijana anapenda ugeni. Lakini kijana huyohuyo, wavulana kwa wasichana, ndiye aliyeifufua Guinness, bia nyeusi ya karne ya 18, chungu, ya babu yake. Desemba 2024 Guinness ilipungua baa za Uingereza hata ikabidi igawiwe kwa mgao. Kama ladha nzito na ukale ndivyo vinavyowafukuza vijana, Guinness ingekuwa ya kwanza kufa. Ila Guinness imetulizwa kiwandani, inasukumwa na gesi, ina kampuni tajiri nyuma yake, na painti ya Cornwall ni sawa na ya Glasgow. Kijana hakuikataa eli. Alipewa painti iliyochina siku ya tano, akaambiwa hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Wakubwa wameliona hilo, na dawa yao ni hii: mwaka 2024 Carlsberg walileta eli ya kegi, iliyotulizwa, inayodumu hadi wiki mbili, lakini inamiminwa kwa pampu ya mkono ileile ya pipa. CAMRA wakalalamika kwamba mnywaji anadanganywa, na nakubaliana nao. Pampu ya mkono ni ahadi. Lakini ukimsikiliza mwenye baa ya kijijini yenye wateja kumi na tano, wiki mbili badala ya siku tatu ni uhai.

Mwaka huohuo Marston's wa Burton waliacha mfumo wao wa mapipa ya mwaloni yaliyounganishwa, ambamo hamira hupanda kwa mabomba na bia kurudi chini ikiwa safi. Walikuwa wa mwisho mjini humo. Kiwanda cha Thornbridge, huko Derbyshire, kilichukua seti moja kikaanza kuitumia. Hatua hiyo ni ndogo, ila ni ya watu wanaojua wanachofanya. Harvey's wa Lewes na Timothy Taylor's wa Keighley bado wanapika eli, bado inauzika, na sidhani ni kwa bahati. Jina lao linajulikana, bia yao kuu ni moja au mbili, na huenda kwenye baa zinazoimaliza upesi.

Hukumu yangu ndiyo hiyo: eli itabaki pale tu ambapo pampu ni chache na bei ni ya haki. Baa yenye pampu nane na wateja ishirini inaihujumu bia hiyo kuliko tangazo lolote la laga. Afadhali pampu moja ambayo pipa lake huisha Jumamosi. Na serikali ya Uingereza, kama kweli inazionea fahari baa zake, imruhusu kila mpangaji, si wa makampuni makubwa pekee, anunue angalau bia moja kwa mpika bia wa jirani.

Kwa msikilizaji wetu uliyeko Leeds, Reading au London, na ungependa kuonja: usiagize eli kwenye baa tupu. Nenda penye watu, Ijumaa au Jumamosi, uliza pipa lipi limefunguliwa leo, na omba uonjeshwe kwanza. Baa ya maana haikatai, wala haitozi. Ukipewa painti yenye siki, irudishe kaunta kwa adabu, utabadilishiwa. Na kama unaendesha gari, agiza soda.